Mhusika Aliyepooza: Dalili, Visababishi na Marekebisho katika Mchezo wa Kuigiza Mezani

Katika mchezo wa kuigiza mezani, kila mchezaji humwigiza mhusika aliyeandikwa kwenye karatasi pamoja na alama za uwezo wake, kama akili na busara; msimulizi hueleza hali na kumuuliza atafanya nini, na dadu hurushwa pale matokeo yanapokuwa na shaka. Mhusika anaweza kuwa na upanga wa kutisha, alama za juu na historia ya kurasa tatu, na bado akamaliza kikao kizima bila kutamka neno ambalo mwenzake yeyote asingeweza kulitamka. Hali hii inapotokea, lawama humwendea mchezaji, akaambiwa kwamba hana kipaji cha kuigiza. Lawama hiyo naiona ya kivivu. Katika vikundi vinavyokutana hapa Lamu, kwenye mkeka wa darini baada ya sala ya Isha, utawakuta vijana ambao mchana kutwa walikuwa wakibishana na kuchekeshana pale Mkunguni mbele ya ngome, lakini wakishikishwa karatasi ya mhusika huwa mabubu. Kipaji wanacho, ila tabia waliyopewa waicheze haikuandikwa kwa namna inayochezeka.

Mifano mingi iliyomo humu inatoka katika kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1974, kwa sababu ndio unaofahamika zaidi; hata hivyo, marekebisho yenyewe yanafaa kwa mchezo wowote wa aina hii. Kipimo ninachokitumia kote ni kimoja. Tabia ya mhusika huonekana pale anapokuwa na njia mbili za kufuata, kila moja ikiwa na gharama yake, na wenzake wakaweza kubashiri ni ipi atakayoifuata.

Kwanza, ipime karatasi

Mpe mchezaji mwingine karatasi ya mhusika wako ukiwa umeifunika sehemu ya silaha na uchawi, kisha umuulize swali dogo: mhusika huyu amefika kwenye lango la mji, mtoza ushuru amemdai zaidi ya kiwango, na nyuma yake kuna foleni ya watu waliochoka, atafanya nini? Akijibu bila kusita, na jibu lake likakaribia lile ambalo wewe mwenyewe ungelitoa, karatasi ni nzima na tatizo liko katika namna kikao kinavyoendeshwa. Akisema kwamba inategemea, tatizo liko kwenye karatasi. Akijibu haraka lakini kinyume na ulivyokusudia, basi umemwandika mhusika mwingine, na pengine huyo ni bora kuliko yule uliyekuwa naye kichwani.

Mhusika hana la kusema

Kisababishi cha kawaida ni orodha ya sifa. Chukua mhusika wa kubuni, Shee, mlinzi wa zamani wa bandari, ambaye karatasi yake inasema kwamba ni jasiri, mwaminifu na mkali. Kikaoni msimulizi anaeleza kwamba mtoza ushuru amemzuia mama muuza samaki na kulimwaga kapu lake chini. "Shee, wafanyaje?" Mchezaji anaitazama karatasi. Jasiri: basi apigane? Mwaminifu: kwa nani, kwa sheria ya mji au kwa mama huyu? Mkali: amkemee nani? Sifa zote tatu zimemwacha pale pale alipokuwa. Anaishia kusema, "Nangoja nione wenzangu watafanya nini, ami," na msimulizi anapita kwa mwingine.

Sasa andika upya mstari mmoja tu: "Shee aliwahi kula rushwa alipokuwa bandarini, na tangu hapo hawezi kumwona mwenye cheo akimdhulumu mnyonge bila kujitia kati, hata anapojua kwamba sheria iko upande wa mwenye cheo." Msimulizi akirudia swali lake, mchezaji hangoji mtu. "Nainama, naokota samaki mmoja mmoja na kuwarudisha kapuni. Kisha namuuliza mtoza ushuru jina la mkubwa wake. Nalijua, lakini nataka alitamke yeye." Upanga haujachomolewa wala dadu haijarushwa, na kila aliyeketi mkekani ameshajua Shee ni mtu wa namna gani.

Mstari wa pili umefanikiwa kwa kuwa una watu ndani yake, una tukio linaloiamsha tabia, na una hasara ambayo mhusika yuko tayari kuipata. Marekebisho, basi, ni kuichukua kila sifa iliyoandikwa na kuihoji: kwa nani, wakati gani, na kwa hasara gani? Sifa isiyoweza kujibu ifutwe. Mhusika haharibiki kwa kupunguziwa sifa. Huharibika kwa kuongezewa.

Toleo la tano la mchezo nilioutaja, lililotoka mwaka 2014, lilijaribu kuitibu dalili hii kwa kuweka nafasi nne kwenye karatasi: mazoea ya mhusika, jambo analoliamini, kifungo kinachomfunga na mtu au mahali au kitu, na kasoro. Kila asili ya mhusika, awe askari, mhalifu au mtumishi wa dini, ina majedwali yake yenye mazoea 8, na imani, vifungo na kasoro 6 kwa kila aina, ambayo mchezaji anaweza kuyachagulia au kuyarushia dadu. Kwa anayeanza ni msaada mkubwa. Hatari yake ni kwamba mistari minne iliyotoka kwa bahati haijuani. Anayeitumia njia hiyo ahakikishe walau kifungo na kasoro vinavutana. Mhusika anayemlea mdogo wake na hawezi kupita penye kamari bila kuketi ana vita ndani yake kila anapopata fedha. Anayemlea mdogo wake na kuogopa buibui ana mambo mawili yaliyokaa jirani bila kusalimiana.

Historia ndefu, tabia fupi

Hapa kisababishi ni kwamba historia imejaa mambo yaliyompata mhusika, si mambo aliyoyatenda. Mchezaji wa Lamu anaweza kukuandikia vita vizima vya kisiwa cha kubuni, maji yakakupwa na majahazi ya adui yakabaki yamekwama mchangani, kama inavyosimuliwa kuhusu Vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19, na mhusika wake akiwa mtoto aliyekuwa akitazama kutoka kilimani. Simulizi ni tamu, ila mtoto huyo hajachagua kitu. Afanywe yeye ndiye aliyeona mapema kwamba maji yanakupwa, akanyamaza, kwa sababu katika moja ya majahazi yale alikuwamo mjomba wake. Pigia mstari kila sentensi ambayo mhusika ndiye mwenye kuamua; zikikosekana, kurasa zilizobaki mpe msimulizi azitumie kwa kuujenga ulimwengu wake.

Wahusika wote wa mchezaji mmoja wanafanana

Mwaka jana alikuwa mchawi, mwaka huu ni mwindaji, lakini ukimuuliza swali anakujibu mtu yule yule. Wengi hudhani dawa ni kubadilisha sauti, na kwa pwani hii njia ya mkato ni lafudhi: muuza duka azungumze kama mtu wa bara, mlinzi azungumze kama mvuvi wa visiwa vya mbali. Lafudhi huchekesha kwa dakika tano. Zaidi ya hapo huwaudhi wanaozungumza hivyo majumbani kwao, na kwenye mkeka walikoketi Mwamu, Mbajuni, Mpokomo na Mgiriama pamoja, hilo si jambo dogo. Tena lafudhi haibadilishi uamuzi hata mmoja.

Kisababishi halisi ni kwamba mchezaji huamua kwanza kama yeye, kisha huuvisha uamuzi huo nguo za mhusika. Atafute jambo moja, moja tu, ambalo mhusika analithamini na yeye mwenyewe halithamini. Mchezaji mwepesi wa kusamehe amcheze mtu anayeweka hesabu ya kila tusi. Kisha ajiulize mhusika huyu hawezi kuvumilia kuaibika mbele ya nani. Anayeogopa kuaibika mbele ya mama yake na anayeogopa kuaibika mbele ya mahasimu wake hawatatoa jibu moja hata kwa swali la nauli ya mashua.

"Ndivyo mhusika wangu alivyo"

Hii ndiyo dalili inayovunja vikundi, kwa hiyo inastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Mwizi anawaibia wenzake wakiwa wamelala. Mwenye hasira anamzaba kofi sultani kabla mazungumzo hayajaanza. Na mchezaji akiulizwa anajibu kwamba yeye hana neno, ndivyo mhusika wake alivyo. Wenzake hukosa la kumjibu, kwa sababu kwa kweli anaifuata karatasi yake.

Kisababishi ni kasoro iliyoandikwa ikawa ruhusa. Soma kasoro ya mhusika, kisha uulize ni nani atakayelipa inapojitokeza. Ikiwa wanaolipa ni wenzake peke yao, kasoro hiyo inahitaji kurekebishwa. Kwa mfano, "huiba chochote anachokiona" iandikwe upya kuwa "hawezi kuvumilia kudaiwa fadhila, na akitendewa wema huiba ili alipe." Mwizi ni yule yule, vidole ni vile vile, lakini sasa wenzake wakimwokoa ndipo yeye anapoingia mashakani, na wao ndio wanaopata sababu ya kumfuata usiku na kumzuia.

Simulizi za pwani hii zina mfano ulio bora kuliko wowote ninaoweza kuubuni. Fumo Liyongo, shujaa na mtunzi anayesimuliwa kutoka Pate hadi maeneo ya Mto Tana, hakuweza kuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Waulize wachezaji kasoro ya Liyongo ni ipi, na wengi watakutajia kitovu. Kitovu ni udhaifu wa mwili. Mahali pake ni upande wa kinga na majeraha, na hakimwambii mchezaji afanye lolote. Kasoro yake iko kwingine: mwanawe alipomuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua, alimwambia. Mtu aliyewashinda walinzi wa gereza kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, mkate ambao walinzi wenyewe hawakuutaka, hakuweza kumnyima mwanawe siri. Kasoro ya aina hiyo inachezeka. Inamhusu mtu mmoja, si dunia nzima. Imetokana na jambo jema. Haimzuii kuwa na hila mahali pengine. Na aliyeilipia kwanza ni yeye mwenyewe.

Kuna na upande wa pili, ambao karatasi haiwezi kuurekebisha. Mhusika hana mikono. Anayechagua ni mchezaji, na palipo na majibu matatu yanayolingana na tabia ile ile anaweza kulichukua lile lisilovunja kikao. Mwenye hasira anaweza kutoka nje ya ukumbi wa sultani na kuupiga mlango teke. Jambo hili aambiwe kando, mkitelemka ngazi, si mbele ya mkeka mzima. Aliyeaibishwa hadharani hutetea kosa lake hata kama ameshalitambua.

Mkiwa asiye na mtu

Wazazi waliuawa, kijiji kiliteketezwa, rafiki hana, na hamwamini mtu. Ameketi pembe ya mgahawa amejifunika joho, na kikundi kinatumia nusu ya kikao kumbembeleza aungane nao. Wahusika wa namna hii hupendeza kwenye filamu kwa sababu kamera huwafuata popote waendako. Mkekani hakuna kamera.

Mara nyingi kisababishi ni tahadhari. Mchezaji amewahi kuona msimulizi akiwageuza mama na dada wa mhusika kuwa mateka kila hadithi inapozubaa, akaamua safari hii asimpe mtu wa kumteka. Msimulizi ndiye aanze kurekebisha: aahidi kwamba jamaa aliyetajwa kwa jina hatauawa bila makubaliano, na kwamba watu hao wataleta madeni, mialiko, posa na habari zaidi kuliko vilio. Ahadi hiyo ikitolewa, mkiwa hupata ukoo upesi sana.

Wachezaji wa hapa wana mali ambayo wengi hawaitumii. Lamu mtu hamalizi uchochoro bila kuulizwa ni mwana wa nani, na jibu lake ndilo linaloamua mazungumzo yataendaje: ataketishwa barazani, ataulizwa habari za mgonjwa, au atakumbushwa deni la mwaka juzi. Mpe mhusika hayo hayo. Ana shangazi aliyemlea, ambaye bado humtumia salamu kwa manahodha kumuuliza ataoa lini. Ana ami aliyemkopesha fedha za mashua. Binamu yake anaolewa wiki ile ile ambayo kikundi kinataka kwenda kulitafuta pango la joka, na asipoonekana harusini itasemwa mwaka mzima. Hata majitu na mazimwi ya ulimwengu wa kubuni yanakubali kupewa wajomba. Tazama pia jinsi adabu inavyofichua tabia kabla ya vita vyovyote: nani anamsalimu kwanza akiingia, anabisha hodi mara ngapi, atakwenda kuzika kwa adui yake au hatakwenda.

Kwa kikundi kipya, kila mchezaji aandike jambo moja analodaiwa na mhusika aliyeketi kuliani kwake. Huchukua muda mfupi kuliko kugawa silaha.

Alama zinapigana na tabia

Akili imepata 6, na mchezaji ameanza kumcheza zuzu asiyejua kuvaa viatu. Hapa tatizo ni hesabu. Katika kanuni za mwaka 2014, alama 10 ni za mtu wa kawaida. Alama 6 huondoa 2 kwenye matokeo ya dadu ya pande 20, na kila hatua ya dadu hiyo ni nafasi 5 katika 100. Kwa hiyo, katika majaribio 100 ya aina moja, mhusika huyo atafeli takriban majaribio 10 zaidi ya mtu wa kawaida. Huyo ni mtu anayechanganya majina, anayekubali haraka maelezo yenye maneno mengi, basi. Akiwa na akili 6 na busara 16, ana sura ambayo kila mtu wa forodhani anaijua: mzee wa jahazi asiyeweza kusoma barua, lakini anayejua kaskazi italegea lini na ni abiria yupi atakayekimbia bila kulipa.

Lebo ya maadili inaamua badala ya mhusika

Katika mchezo wa Gygax na Arneson, kila mhusika hupewa lebo ya upande wake wa maadili. Mwaka 1974 zilikuwapo pande tatu tu, yaani utaratibu, vurugu na kati. Kufikia kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 zilikuwa tisa, baada ya kuongezwa wema na uovu. Mchezaji anayeisoma lebo kabla ya kila uamuzi aifute, na aijaze kwa penseli baada ya vikao viwili vitatu, kulingana na aliyoyatenda. Anayehitaji kipimo chenye tarakimu anaweza kuazima kutoka Pendragon, mchezo wa mwaka 1985, ambao una jozi 13 za tabia zinazopingana, kila jozi ikiwa na jumla ya 20: mwenye kusamehe 14 ana kisasi 6, na kisasi hicho 6 kinaweza kumshinda siku mbaya.

Tabia inafifia vikao vikiendelea

Mhusika alianza vizuri, na sasa anasema "nampiga" tu. Kwanza kitazame kikao. Ikiwa msimulizi huandaa vita mfululizo, tabia zote zitasagika zikawa moja, kwa kuwa mbele ya upanga kila mtu hufanya jambo lile lile. Kila kikao kiwe na mahali pamoja ambapo silaha haifai kitu: ugomvi wa kisima, matanga, mirathi, mdai aliyekuja na mashahidi.

Pili, tazama kama tabia inalipwa. Kanuni za 2014 zinamruhusu msimulizi kumpa motisha mchezaji aliyeifuata tabia ya mhusika wake, na mwenye motisha hurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa, jambo linalopandisha wastani kutoka 10.5 hadi karibu 14. Si zawadi ndogo, lakini wasimulizi huisahau kwa kuwa wana mengi mikononi. Wape wachezaji wenyewe kazi hiyo: simbi moja ya kauri izunguke mkekani, na aliye nayo amkabidhi mwenzake aliyeifuata tabia hadi ikamgharimu.

Tatu, huenda tabia imekwisha kazi yake. Deni limelipwa, mdogo wake ameolewa, mtoza ushuru amefungwa, na mstari ule kwenye karatasi hauna tena wa kumsukuma. Uandikwe mwingine unaotokana na tukio lenyewe. Umeme unapokatika na karatasi hazisomeki, sikiliza ni nani anayeendelea kuzungumza kama mhusika wake na ni nani anayetafuta tochi. Wa pili ndiye wa kukaa naye kabla ya kikao kijacho.

Asiyerekebishika

Wapo wahusika wasiomfaa mchezaji hata baada ya hayo yote, na kuendelea nao ni kuwachosha watu. Mhusika huyo aondoke kwa uamuzi unaolingana na mstari wake bora, si kwa kuangukiwa na jiwe, na karatasi yake akabidhiwe msimulizi. Mhusika mpya aingie akiwa ameshika kitu kilichoachwa na yule wa kwanza. Shee akistaafu na kurudi bandarini, atakayemrithi anaweza kuwa mpwa wake aliyetumwa kudai fungu la ngawira. Kikundi kitakuwa na la kuzungumza naye tangu anapobisha hodi, na msimulizi atakuwa amejipatia mtu bandarini wa kuwaletea habari za vyombo vinavyoingia.